Kitunguu, gugu la majini, kiazi au nyanya? Ulinganisho wa vitu vya kuonea sehemu za seli ya mmea

Mchoro wa seli ya mmea tuliouzoea vitabuni una kila kitu: ukuta, utando, kiini, vakuoli (mfuko wa maji) kubwa katikati, kloroplasti za kijani, chembe za wanga, mitokondria. Seli yenye vyote hivyo vikionekana kwa mara moja hutaipata kwenye slaidi hata ukikesha. Mchoraji amechukua vya jani, vya kiazi na vya tunda akavitia kwenye kisanduku kimoja. Katika mmea wenyewe seli hugawana kazi, na kila moja hubeba zana za kazi yake: ya jani imejaa kloroplasti, ya kiazi imejaa wanga, na ya ngozi ya kitunguu haina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Ndiyo maana swali la "niweke nini kwenye slaidi?" linatangulia lile la "nikuze mara ngapi?". Mwanafunzi anayechora kloroplasti ndani ya seli ya kitunguu hana kasoro ya macho. Alipewa kitu kisichojibu swali aliloulizwa, naye akajazia kwa kumbukumbu ya kitabu.

Hapa tunalinganisha vitu vitano vinavyopatikana kirahisi na kuandaliwa bila mitambo. Hadubini tunayoifikiria ni ya kawaida: lenzi ya macho ya ×10, na lenzi tatu za chini za ×4, ×10 na ×40, yaani ukuzaji wa mara 40, 100 na 400.

| Kitu | Kinachoonekana vizuri | Usichotarajie kukiona | Rangi ya kutia | Ukuzaji unaofaa |
|---|---|---|---|---|
| Kitunguu cheupe, ngozi ya ndani | Ukuta, kiini, saitoplazimu (uteute wa ndani ya seli) | Kloroplasti, wanga | Iodini | 100, kisha 400 kwa kiini |
| Kitunguu chekundu, ngozi ya nje | Vakuoli, na mpaka wa utando ukitia chumvi | Kloroplasti, wanga | Hakuna | 100 |
| Jani la gugu la majini | Kloroplasti, mwendo wa saitoplazimu | Kiini (hufichwa) | Hakuna | 400 |
| Kiazi mviringo | Chembe za wanga | Kloroplasti | Iodini iliyozimuliwa | 100 hadi 400 |
| Nyanya iliyoiva | Kromoplasti (vibeba rangi nyekundu), seli moja moja zilizoachana | Kloroplasti, wanga | Hakuna | 100 hadi 400 |

Kitunguu: cheupe au chekundu?

Kitunguu kimezoeleka kwa sababu nzuri: ngozi yake ina tabaka moja tu la seli, kwa hiyo mwanga hupita bila kulazimika kukata kipande chembamba kwa wembe. Seli zake pia ni kubwa. Urefu wa robo milimita au zaidi ni jambo la kawaida, ilhali seli nyingi za mimea huwa kati ya mikromita 10 na 100. Kwa ukubwa huo, ukikimbilia ukuzaji wa mara 400 seli moja itakaribia kujaza uwanja mzima wa kuonea, nawe utakosa kuona jinsi zinavyopangana. Anzia 40, kaa 100, halafu panda 400 kutazama kiini.

Kata kitunguu katika vipande vinne kwa urefu. Ondoa magamba makavu, uchukue gamba nene la tatu au la nne. Livunje kwa kulikunja, na upande wake wa ndani, ule uliobonyea, utaona kijingozi chembamba kama karatasi ya plastiki kikining'inia. Kibandue kwa kibano, kata mraba wa milimita 5, na ukiweke papo hapo kwenye tone la maji lililokwisha kutiwa kwenye slaidi. Kikikaa hewani hata kwa muda mfupi hujikunja na seli huanza kukauka. Kikijikunja ndani ya maji, kinyooshe kwa sindano mbili kabla ya kufunika. Kioo cha kufunikia hushushwa kikiwa kimeinamishwa kama nyuzi 45, upande mmoja ukigusa maji kwanza, ili hewa itoke upande wa pili. Kukiangusha kibapa ndiko kunakozaa mapovu, na povu la hewa lenye mzingo mweusi mnene limechorwa kama "kiini" mara nyingi kuliko inavyopaswa.

Bila rangi, kitunguu cheupe kinakaribia kutoonekana. Kabla ya kusema slaidi ni mbovu, funga kidogo tundu la mwanga chini ya jukwaa la hadubini. Mwanga ukizidi hufuta kila kitu kisicho na rangi, na hilo ndilo kosa linalowapotezea watu muda zaidi kuliko yote. Kisha tia tone la iodini pembeni mwa kioo cha kufunikia na ulivute kwa karatasi ya kufyonza upande wa pili. Baada ya dakika 1 au 2 kiini kitakuwa duara la kahawia-manjano na saitoplazimu itakuwa njano hafifu.

Kiini ndicho kinachohifadhi DNA, maelekezo ya kutengenezea karibu protini zote za seli. Robert Brown ndiye aliyekipa jina lake la kisayansi mwaka 1831, akichunguza seli za okidi. Ukikiona kimebanwa ukutani na kuonekana bapa kama lenzi, si kwamba kimeharibika. Vakuoli imejaza katikati na kukisukuma pembeni, na wewe unakitazama kwa ubavu. Katika seli jirani unakitazama kwa juu, kwa hiyo ni duara.

Iodini au methilini bluu? Methilini bluu ya asilimia 0.5 hadi 1 huonyesha kiini kwa ukali zaidi, lakini hupaka pia ukuta na takataka zote, na ikidondoka kwenye nguo imeshinda. Iodini inatosha, na ina faida ya pili: hugeuka bluu-nyeusi penye wanga. Kwenye kitunguu haigeuki, kwa kuwa kitunguu huweka akiba yake katika hali ya sukari. Slaidi hiyo hiyo basi inakuwa kipimo cha kulinganishia utakapofika kwenye kiazi. Ukitengeneza iodini mwenyewe, yeyusha kwanza gramu 2 za potasiamu aidodi katika maji kidogo, ongeza gramu 1 ya iodini, koroga hadi iyeyuke, ndipo ujaze maji hadi mililita 300. Ukigeuza mpangilio huo, iodini itabaki imekaa chini ya chupa, maana yenyewe haiyeyuki vizuri katika maji matupu.

Sasa chekundu. Hapa watu hukosea mahali pamoja: hubandua ngozi ya ndani kama walivyofanya kwa cheupe, kisha hushangaa haina rangi. Rangi ya zambarau iko kwenye ngozi ya *nje* ya gamba nene, upande uliobinuka. Ngozi hiyo imeshika zaidi na hutoka vipande vipande. Chora kwanza miraba ya milimita 5 kwa ncha ya wembe, bila kuzamisha, halafu ng'oa mraba mmoja mmoja.

Rangi yenyewe ni anthosianini, na imeyeyuka katika maji yaliyomo ndani ya vakuoli. Kwa maneno mengine, chote unachokiona cha zambarau ni vakuoli. Katika seli iliyokomaa inaweza kuchukua asilimia 80 hadi 90 ya ujazo wote, jambo ambalo mchoro wa kitabu huwa haulitendei haki. Vakuoli huhifadhi maji, chumvi, sukari, rangi na taka, lakini kazi yake inayoonekana kwa macho ni kusukuma. Maji yakijaa ndani, saitoplazimu husukumwa dhidi ya ukuta, na msukumo hutulia tu pale ukuta unaposukuma nyuma. Msukumo huo katika majani mengi huwa megapaskali 0.3 hadi 1, kiasi kinachozidi ule wa tairi la gari dogo. Mmea usiomwagiliwa hunyauka kwa sababu msukumo huo umepungua, ingawa kuta zenyewe hazijaharibika.

Kitunguu chekundu kinakishinda cheupe kwa jambo moja kubwa: kinakuwezesha kuuthibitisha utando wa seli. Utando una unene wa nanomita 7 hadi 10, na hakuna hadubini ya mwanga itakayokuonyesha. Lakini mpaka wake unaweza kuuona ukiulazimisha uachane na ukuta. Yeyusha gramu 5 za chumvi katika mililita 100 za maji, tia tone upande mmoja wa kioo cha kufunikia, na uvute kwa karatasi upande wa pili mara mbili au tatu. Ndani ya dakika chache zambarau itaanza kuachana na pembe za seli, kisha itakusanyika kuwa bonge dogo lenye ukingo laini. Ukingo huo ndipo utando ulipo. Tukio hilo huitwa plazimolisisi.

Je, ile nafasi iliyobaki kati ya ukuta na utando ina nini? Wengi hujibu "hewa" au "hakuna kitu". Ina maji ya chumvi yale yale uliyotia, kwa sababu ukuta wa selulosi hupitisha maji na chumvi bila kizuizi, na utando ndio unaochagua kipi kipite. Tofauti ya kazi kati ya ukuta na utando haielezeki vizuri zaidi ya hapo.

Unaweza kutumia sukari badala ya chumvi: gramu 34.2 za sukari ya kawaida, ujaze maji hadi mililita 100. Sukari hufanya kazi taratibu na ukingo wa bonge huwa laini zaidi, lakini hunata kwenye lenzi. Chumvi ni ya haraka, ila ikimwagikia jukwaa la hadubini na kuachwa hula chuma. Ukitumia yoyote, futa.

Ikiwa hakuna kinachotokea, mara nyingi myeyusho haukufika kwenye seli, kwa kuwa ulitiwa pembeni bila kuvutwa. Ikiwa rangi inafifia na kusambaa badala ya kujikusanya, seli zimekufa: ama ngozi ilikauka, ama ilichubuliwa, ama maji yalikuwa ya moto. Ukingoni mwa kila kipande pana mstari wa seli zilizopasuka zisizo na rangi. Hizo usizihesabu. Na ukitaka kurudisha hali ya kwanza, vuta maji safi mapema. Seli iliyokaa muda mrefu kwenye chumvi kali hairudi.

Palipo na mmea wa mapambo Tradescantia spathacea, wenye majani ya kijani juu na zambarau chini, ngozi ya upande wa chini hufanya kazi ile ile, pengine vizuri zaidi. Inaongeza kitu ambacho kitunguu hakina: matundu ya kupumulia ya jani, kila moja likizungukwa na seli mbili walinzi za kijani zinazojitokeza katikati ya uwanja wa zambarau.

Gugu la majini: pale seli inapotembea

Kama lengo ni kloroplasti, acha kitunguu. Chukua Elodea, Egeria au Hydrilla, magugu ya kwenye matangi ya samaki ambayo majani yake yana unene wa tabaka mbili tu za seli. Jani zima huingia kwenye slaidi bila kukatwa. Chagua jani changa karibu na ncha ya shina, liweke kwenye tone la maji *yale yale* uliyolikuta ndani yake, na ufunike. Hakuna rangi, hakuna wembe. Kwa urahisi wa kuandaa halina mpinzani.

Kwa mara 400 kloroplasti huonekana kama vidonge vya kijani vya kipenyo cha mikromita 5 hivi. Ikikuelekea kwa uso ni duara, ikisimama kwa ubavu hufanana na haragwe. Ndani yake klorofili hunasa mwanga, na kutokana na maji na kabonidayoksaidi husanisiwa sukari, huku oksijeni ikitoka. Huo ndio usanisinuru.

Lakini kinachowafanya watu wasibanduke kwenye lenzi ni mwendo. Mwanga ukitosha, kloroplasti huanza kuzunguka ukingoni mwa seli zikifuatana kama magari kwenye mzunguko wa barabara. Zenyewe hazina miguu: saitoplazimu ndiyo inayotiririka na kuzibeba, ikivutwa na protini ziitwazo miosini zinazotembea juu ya nyuzi za aktini. Bonaventura Corti aliuandika mwendo wa namna hii mwaka 1774, zaidi ya nusu karne kabla kiini hakijapewa jina. Tazama kwamba haziruki katikati. Katikati pana vakuoli, safari hii isiyo na rangi, na unaijua ipo kwa namna kila kitu kinavyoikwepa.

Mwendo huo hauji wenyewe kila mara. Weka tawi kwenye chombo cha maji ya nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, chini ya taa, kwa dakika 10 hadi 20. Taa ya zamani yenye joto isogeze mbali, isije ikapika mmea. Kisha anza kutafuta kwenye seli ndefu zilizo kandokando ya mshipa wa kati wa jani, maana huko mwendo hujitokeza kwanza. Ukikuta kloroplasti zimelala, usibadilishe slaidi haraka. Acha mwanga wa hadubini wenyewe uzipashe kwa dakika chache.

Tabaka mbili nazo zina hila yake. Seli za tabaka la juu ni kubwa kuliko za chini, kwa hiyo ukizungusha skrubu ndogo unapita kutoka wavu mmoja kwenda wavu mwingine. Asiyejua huchora nyavu zote mbili kwa pamoja na kupata kuta zinazokatizana kama nyufa. Chagua tabaka moja, ubaki nalo.

Kiini hapa ndicho udhaifu mkubwa. Kipo, lakini kloroplasti humfunika mtazamaji macho. Iodini itakionyesha katika baadhi ya seli, ila huua seli na mwendo hukoma palepale. Kwa hiyo tazama mwendo kwanza, chora, ndipo utie rangi. Ukimaliza, mabaki yakaushe kabisa kabla ya kuyatupa. Usiyamwage mtoni wala ziwani, kwani kipande kimoja cha shina kinatosha kuanzisha gugu jipya.

Kiazi na nyanya: ndugu wawili wa kloroplasti

Kloroplasti ina ndugu. Zote hutokana na viungo vichanga vile vile vya seli, na hukua kuwa hiki au kile kulingana na mahali zilipo. Penye kuhifadhi huwa amiloplasti, ghala la wanga. Penye kuvutia ndege na wanyama walao matunda huwa kromoplasti, zenye rangi nyekundu au ya machungwa. Kiazi kilichoachwa juani hugeuka kijani kwa sababu amiloplasti zake zimeanza kuwa kloroplasti. Nyanya huenda njia nyingine: ikiwa mbichi ina kloroplasti, na ikiiva hizo hizo hugeuka kromoplasti.

Kwa kiazi, amua kwanza unataka nini. Ukikwangua sehemu iliyokatwa kwa ukingo wa wembe na kupaka utomvu huo kwenye tone la maji, utapata chembe za wanga zikielea huru, bila seli. Ni haraka, lakini mtazamaji huondoka akidhani kila chembe ni seli. Ukitaka azione *ndani* ya seli, kata kipande chembamba kiasi cha kuona maandishi kupitia kwake. Haidhuru kama kingo zake tu ndizo nyembamba, maana hapo ndipo utakapotazama.

Chembe kubwa hufikia mikromita 100 na ndogo huwa 10 au chini yake. Zitazame kwanza bila rangi, tundu la mwanga likiwa limefungwa kidogo, uone mistari ya duara inayozunguka nukta iliyo upande mmoja wa chembe. Ni tabaka za wanga zilizowekwa moja juu ya nyingine. Kisha tia iodini iliyozimuliwa: tone 1 katika matone 5 hadi 10 ya maji. Iodini ya nguvu ya kawaida hugeuza chembe kuwa nyeusi tii na mistari hupotea. Ikiwa kiazi kinakushinda kukata, ndizi ni nafuu. Kipande kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kikibonyezwa chini ya kioo, hutoa seli zilizoachana, na katika ndizi ambayo haijaiva sana wanga umejaa ndani yake.

Nyanya iliyoiva huandaliwa kwa njia hiyo hiyo ya kubonyeza. Chukua nyama iliyo chini tu ya ganda, si ule utelezi wa mbegu. Seli ni kubwa na za mviringo, zimeachana kwa kuwa gundi ya pektini iliyozishikanisha imelainika katika kuiva. Ndani utaona vipande vyekundu vidogo, vingine vikiwa na ncha kali kama sindano. Ni laikopeni, rangi nyekundu ya nyanya, iliyoganda ndani ya kromoplasti.

Weka slaidi hii karibu na ile ya kitunguu chekundu, ubadilishe moja kwa nyingine. Katika kitunguu rangi imetanda sawasawa, kwani imeyeyuka kwenye maji ya vakuoli. Katika nyanya rangi iko kwenye punje punje, na vakuoli haina rangi kabisa. Tofauti hiyo unaikuta hata jikoni: rangi ya kitunguu huchuja ndani ya maji, ya nyanya huingia kwenye mafuta.

Ukitaka ukuta peke yake

Robert Hooke aliyelipa umbo hili jina la seli mwaka 1665 alikuwa akitazama gome la mti wa koki, yaani seli zilizokufa: kuta tupu, ndani hamna kitu. Ukikwangua kifuu cha nazi kwa wembe na kuweka unga wake kwenye tone la maji, utapata ukuta uliopitiliza, mnene kiasi cha kubakiza nafasi ndogo tu katikati, ukiwa umetobolewa na mifereji myembamba iliyokuwa njia ya mawasiliano seli ilipokuwa hai. Kwa kazi ya kulinganisha unene wa kuta, kifuu na kitunguu vinatosha.

Vitu ambavyo hakuna slaidi itakayokupa

Hadubini ya mwanga, iwe na lenzi nzuri namna gani, haitenganishi nukta mbili zilizokaribiana kuliko mikromita 0.2 hivi. Ribosomu, zinazounganisha protini, zina nanomita 20 hadi 30 tu. Retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ambamo protini na mafuta hutengenezwa na kusafirishwa, na vifaa vya Golgi, vinavyofungasha bidhaa hizo na kutengeneza baadhi ya malighafi za ukuta, ni kazi ya hadubini ya elektroni. Kwa hivi, picha iliyochapishwa ni chaguo bora kuliko kukodolea macho kitunguu.

Mitokondria iko mpakani. Upana wake wa mikromita 0.5 hadi 1 unazidi kikomo hicho, lakini haina rangi. Inahitaji rangi maalumu iitwayo Janus Green B, ngozi ya kitunguu iliyo hai, na lenzi ya ×100 ya kutumia mafuta. Zile nukta zinazometa ndani ya kitunguu kwa mara 400 huenda ni vitone vya mafuta au plastidi (ndugu wa kloroplasti) zisizo na rangi, kwa hiyo usiziandikie "mitokondria". Wala usiache kuichora mitokondria kwenye mchoro wa jumla kwa hoja kwamba mmea una kloroplasti. Kloroplasti hutengeneza sukari, mitokondria huivunja kupata nishati, na seli ya mzizi iliyo gizani inaitegemea mitokondria usiku na mchana.

Kromosomu nazo usizitafute kwenye ngozi ya kitunguu, seli zake zimeacha kugawanyika. Zinapatikana kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu, 16 kwa kila seli, lakini hiyo ni kazi nyingine yenye asidi, joto la nyuzi 60 na kuponda.

Cha kuchukua, kulingana na nafasi uliyonayo

Ukiruhusiwa kitu kimoja, chukua kitunguu chekundu. Ngozi yake ya ndani itiwe iodini kwa ajili ya ukuta, saitoplazimu na kiini. Ngozi ya nje itumike kwa vakuoli na utando. Kitunguu cheupe hakiongezi lolote ambalo chekundu hakina, na mazoea ndiyo pekee yanayokibakiza kwenye orodha. Ukiruhusiwa viwili, ongeza gugu la majini. Cha tatu kiwe kiazi ikiwa somo ni akiba ya chakula, au nyanya ikiwa ni rangi. Gugu likikosekana, usilibadilishe kwa jani nene la bustani, kwa kuwa litakuwa bapa jeusi tu. Tafuta jani la kuvumwani, la yule mmea mdogo laini unaoota kwenye kuta zenye unyevu, kwani sehemu kubwa ya jani lake ina tabaka moja la seli.

Kwa vipimo, weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya ×4 na usome kipenyo cha uwanja. Kwenye hadubini nyingi ni karibu milimita 4.5. Gawanya kwa 2.5 upate kipenyo cha lenzi ya ×10, kwa 10 upate cha ×40. Seli 6 zikijipanga kwa urefu kuvuka uwanja wa milimita 1.8, kila moja ina milimita 0.3.

Ukiwa na dakika 80, washa taa juu ya gugu la majini kabla ya jambo lolote, kisha tengeneza maji ya chumvi. Wakati gugu linapashwa, andaa kitunguu, anza na ngozi ya ndani. Rudi kwenye gugu baada ya dakika 20, lipe muda mrefu kuliko vingine. Plazimolisisi ifuate, maana inahitaji mtu asiondoke kwenye lenzi kwa dakika 5. Kiazi kije mwisho, kwa sababu iodini yake ikibaki kwenye kibano au pipeti itaua slaidi yoyote ya seli hai inayofuata.